Maji ya kanivo laini hayakubali kona

Saa tisa alasiri, mvua ya Novemba imepiga Bukavu kwa dakika ishirini tu. Kwenye mteremko mmoja wa Kadutu kanivo mbili, yaani mifereji ya maji ya mvua, zinashuka kuelekea mto Kawa, moja kila upande wa njia. Zote zina upana wa mita moja, zote zina kuta za sentimita 60, na mlima ni ule ule: mita 10 chini kwa kila mita 100 za njia.

Ya kulia ni ya zamani. Fundi aliyeijenga alipanga mawe, akaweka simenti katikati, akaacha vichwa vya mawe nje bila kuvipaka kitu. Maji yake ni meupe, yanapiga kelele, yamejaa kupita nusu ya ukuta. Ya kushoto ni mpya, sakafu imepigwa mwiko hadi inang'aa. Humo maji ni rangi ya chai, kimya, na hayafiki hata theluthi moja ya ukuta. Ukiziangalia kutoka juu utasema mpya ina nafasi ya kubeba mara mbili zaidi.

Chini kidogo, zote mbili zinakata kona.

Maji meupe yanageuka na kelele zake. Maji ya kimya yanapanda ukuta wa nje, yanauvuka, yanatua katikati ya njia.

Mama anayeuza makala (makaa) pale chini ya kona aliuliza swali ambalo limegoma kutoka kichwani mwangu kwa wiki tano: "Mayi ni ile ile. Juu ya nini huku inaruka?"

Jibu la haraka lina tundu

Jibu la haraka ni kwamba mawe yanakula nguvu ya maji na simenti laini haili. Linasikika vizuri. Ukilifuata kwa hesabu, linakatika mkononi.

Chukua maji mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaani bidoni 50 za lita 20 zinazopita mbele yako kila sekunde. Si kiasi cha ajabu kwa mji huu: hekta 10 za mabati na udongo uliokanyagwa, mvua ya milimita 60 kwa saa, sehemu 6 kati ya 10 zikikosa kuzama ardhini, tayari umefika. Kila mita ya kanivo, maji hayo yanashuka sentimita 10. Uzito mara kimo: wati 981. Karibu kilowati moja kwa kila mita, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa kila hatua moja kubwa ya mtu.

Sasa, maji yakishatulia katika mwendo wake, yaani hayaongezi kasi wala hayapunguzi, hizo wati 981 zote lazima ziliwe na msuguano. Zote. Katika kanivo ya mawe na katika kanivo laini pia. Kama zingebaki hata wati kumi, maji yangeendelea kuongeza kasi.

Kwa hiyo sakafu mbili zinakula sawasawa.

Hapo ndipo mtu hukaa kimya kidogo. Ikiwa zinakula sawa, mawe yanasaidia nini?

(Kwa anayejiuliza nguvu hiyo inaenda wapi: inakuwa joto. Mita 100 za kanivo hupasha maji kwa takriban sehemu 2 za mia za digrii moja. Kipimajoto cha hospitali hakiwezi kuliona joto hilo.)

Bei ambayo sakafu inadai

Tofauti iko kwenye bei. Kila sakafu inashikilia maji kwa nguvu inayokua na mraba wa kasi. Mlima unayavuta, sakafu inayazuia, na maji yanaongeza kasi mpaka pande mbili zilingane. Sakafu ya mawe inalingana na mlima mapema, maji yakiwa bado ya polepole na yenye kina kikubwa. Sakafu laini haina pa kushika, hivyo inadai kasi kubwa kabla ya kuweza kuzuia uzito ule ule. Anayeshuka udongo wa Kadutu baada ya mvua akiwa peku, vidole vikishika, na anayeshuka na kandambili zilizolika, wote wanashuka kimo kile kile. Watafika chini kwa namna mbili.

Fomula inayotumika kwa hesabu hii inajulikana kwa wengi:

V = (1/n) × R^(2/3) × √S

V ni kasi, S ni mteremko, R ni eneo la mkato wa maji ukiligawa kwa urefu wa sakafu na kuta zilizolowa, na n ni namba ya mparuzo, yaani jinsi sakafu inavyokwaruza maji. Huku kwetu, ambako wengi tumesoma uhandisi kwa Kifaransa, tunaandika K badala ya 1/n na tunaiita K ya Strickler, Mswisi wa mwaka 1923. Robert Manning wa Ireland aliwasilisha yake mwaka 1889, ingawa Mfaransa Gauckler alishatoa umbo hilo hilo mwaka 1867, na Manning mwenyewe alipendelea fomula yake nyingine. Historia ina mzaha wake.

Kwa simenti iliyolainishwa, n ni kama 0.014 (K 71). Kwa mawe yenye vichwa nje kama yale, tuseme 0.035 (K 29). Weka mita moja ya ujazo kwa sekunde, upana mita moja, mteremko 0.10.

Kanivo laini: kina sentimita 17, kasi mita 5.8 kwa sekunde.

Kanivo ya mawe: kina sentimita 33, kasi mita 3.1 kwa sekunde.

Maji yale yale. Lakini kila lita inayofika chini kwenye ile laini imebeba nguvu ya mwendo mara tatu na nusu ya mwenzake. Ukiigeuza nguvu hiyo kuwa kimo, maji ya kanivo laini yakigonga kitu yanaweza kuruka hadi mita 1.7. Ya mawe, sentimita 48.

Hesabu ya kona

Maji yakikata kona, upande wa nje unapanda juu ya upande wa ndani kwa kiasi hiki: mraba wa kasi, mara upana, gawa kwa 9.81 mara nusukipenyo cha kona. Kona yetu ina nusukipenyo cha mita 5 hivi.

Kwa maji ya kanivo laini inatoka sentimita 68. Nusu yake, 34, ndiyo inayoongezeka juu ya kina kwenye ukuta wa nje. Hilo ni kwa maji yenye adabu. Maji yanayokwenda mbio kuliko mawimbi yake yenyewe hayana adabu: habari ya kona haiwezi kurudi nyuma kuyaonya, yanagonga ukuta yakiwa bado yamenyooka, na wimbi la mshazari linaweza kufanya ongezeko hilo likaribie mara mbili. Hivyo 17 jumlisha 34 hadi 68: kati ya sentimita 51 na 85. Ukuta una 60.

Kwa maji ya mawe: 33 jumlisha 10 hadi 19. Yaani 43 hadi 52. Yanapita chini ya ukuta huo huo.

Mama wa makala amepata jibu lake, na hapo mtu angeweza kufunga daftari.

Kilichofanya lisifungwe ni ile 0.035. Imetoka wapi?

Hakuna sakafu laini Bukavu

Kwanza lazima niondoe neno moja ambalo limetumika hapa vibaya tangu mwanzo. Ile kanivo mpya si laini. Kwa macho, ndiyo. Kwa maji, hapana.

Kando kabisa ya kila uso kuna utando mwembamba ambamo maji yanateleza kwa utulivu, unato, yaani kunata kwa maji yenyewe, ukiwa ndio mtawala. Unene wake unategemea kasi ya msuguano, mzizi wa mraba wa g × R × S (g ni mvutano wa dunia, ile 9.81). Kwa kanivo yetu mpya ni mita 0.36 kwa sekunde, na utando huo unakuwa na unene wa sehemu 1.5 za mia za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo. Chembe ya mchanga ya nusu milimita iliyobaki juu ya simenti inatoboa utando na kusimama nje kama jengo la ghorofa katikati ya mabanda.

Kipimo chake: zidisha kasi ya msuguano kwa kimo cha chembe, gawa kwa unato wa maji (sehemu moja ya milioni ya mita mraba kwa sekunde, maji yakiwa na digrii 20). Ukipata chini ya 5, uso ni laini kweli. Ukipita 70, unato hauna neno tena. Kinachoamua ni umbo la vizuizi na vurugu inayozaliwa nyuma yake. Nusu milimita inatupa karibu 180.

Aliyeyaona haya kwa uvumilivu ni Johann Nikuradse, Mjojia aliyefanya kazi Göttingen, Ujerumani, chini ya profesa Prandtl. Alichuja mchanga, akaugandisha ndani ya mabomba chembe kwa chembe sawa, akapima, akachapisha mwaka 1933. Kutoka kwake tumerithi kipimo ks: si kimo cha jiwe lako, ni kimo cha mchanga wa Nikuradse ambao ungezuia maji sawa na jiwe lako. Watu wengi hupotea hapa. Wanapima jiwe kwa rula na kuandika ks.

Namba isiyo ya jiwe

Majedwali ya n yanasomeka kama bei za dukani. Simenti iliyopigwa mwiko: 0.012 hadi 0.015. Mawe yaliyojengwa kwa simenti: kama 0.025. Mto wa mlimani wenye mawe makubwa: 0.040 hadi 0.070. Unachukua, unalipa, unaondoka. Jedwali linakufanya uamini kwamba n ni mali ya jiwe, kama rangi yake.

Si mali ya jiwe.

Mwaka 1938 Garbis Keulegan, akifanya kazi Marekani, alichukua matokeo ya Göttingen na kuyaleta kwenye mifereji ya wazi. Kasi ya wastani, ukiigawa kwa kasi ya msuguano, ni 6.25 jumlisha 5.75 mara logi ya R/ks. Angalia kilichomo ndani ya logi. Hakuna jiwe peke yake. Kuna kina cha maji ukikigawa kwa jiwe.

Kwa ks ya sentimita 15, hesabu inakwenda hivi:

R ya sentimita 20, mafuriko yetu ya alasiri: n ni 0.035.

R ya mita moja, kwenye mfereji mkubwa wenye mawe hayo hayo: 0.029.

R ya sentimita 5, manyunyu ya asubuhi: 0.055.

Hii ya mwisho isome kwa mashaka, maana maji yakiwa chini ya vichwa vya mawe fomula ya logi haina haki ya kusema. Hapo maji hayatembei tena juu ya sakafu. Yanapenya katikati yake, yakianguka kutoka jiwe hadi jiwe. Lakini mwelekeo ni wa kweli. Robert Jarrett alipima mito 21 ya milima ya Colorado na mwaka 1984 akaonyesha kitu kile kile kwa maji halisi: n inapungua kina kikiongezeka, na inaongezeka mteremko ukiwa mkali.

Jiwe lile lile ni mlima kwa maji ya sentimita tano, na ni changarawe kwa maji ya mita moja.

Hili ndilo lililonikalia wiki zote hizo. Fundi anayeenda kuangalia kanivo siku ya manyunyu anayaona maji yakihangaika kati ya mawe na kuamini breki ziko imara. Siku ya mvua kubwa breki hizo zinalegea, na zinalegea kwa sababu ya wingi wa maji wenyewe. Kinga inapungua pale hitaji linapoongezeka.

Jarrett aliongeza onyo ambalo linafaa Bukavu kuliko Colorado. Mito ya mlimani, ikiachwa, ni nadra kwenda mbio kuliko mawimbi yake kwa masafa marefu. Inajipangia mawe kwa ngazi, inaanguka, inatulia kwenye dimbwi, inaanguka tena. Kipimo cha mbio hizo ni namba ya Froude, kasi ukiigawa kwa mzizi wa g mara kina. Ikipita 1, mbio zimeanza. Kanivo yetu ya mawe iko 1.7. Ile laini iko 4.4. Mto wenyewe haungejijengea kitu cha namna hiyo.

Kwenye 4.4 kuna jambo jingine ambalo watoto wa mtaa wanalijua bila kuhesabu: maji hayashuki sawasawa. Yanashuka kwa mapigo, wimbi juu ya wimbi, kama mtu anayemwaga ndoo baada ya ndoo. Kwenye kanivo ndefu, tambarare ya sakafu na yenye maji machache, mapigo hayo huanza Froude ikikaribia 2. Wimbi la mbele linakamatwa na la nyuma lenye kina zaidi, yanaungana, yanakua. Ukuta uliohesabiwa kwa kina cha wastani unapitwa na pigo.

Watu wa Goma wanaosoma hapa huenda wanacheka. Kwao lava ina nyufa na maji humezwa kabla ya kupata jina la mto. Sisi tuna udongo mwekundu.

Hesabu mbili, si moja

Ikiwa n inabadilika, basi kuchagua namba moja "salama" ni kujidanganya, kwa sababu salama ina pande mbili zinazopingana.

Ukitaka kujua kama maji yatajaa kupita ukuta, chukua n kubwa: takataka zimeingia, mchanga umelala, maji ni ya polepole na ya juu. Kwa mawe yetu, 0.045.

Ukitaka kujua kama maji yatavunja kona, yatachimba mwisho wa kanivo au yatang'oa sakafu, chukua n ndogo: kumesafishwa, ni mvua kubwa, kina ni kikubwa. Kwa mawe yetu, 0.030.

Kurasa mbili, michoro miwili, kanivo moja inayolazimika kuzipita zote. Mchoro wenye hesabu moja tu karibu kila mara umefanya ile ya kwanza, ya kujaa. Ndiyo maana kanivo laini inapendwa: katika hesabu ya kujaa inashinda bila jasho, sentimita 17 dhidi ya 33.

Na fomula zote hizi zinazungumzia maji. Tarehe 4 Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, kaskazini mwa Bukavu, kilichoshuka kilikuwa matope, miti na mawe makubwa vikitembea pamoja, na watu zaidi ya 400 walikufa. Hakuna n ya kuandika kwa kitu kama hicho.

Nafasi kati ya mawe

Tuseme mtaa umeamua kuikwaruza ile kanivo laini. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuijaza mawe, mengi, yakigusana.

Mawe yakigusana, maji yanateleza juu ya vichwa vyao. Kati yake kunabaki vizunguko vidogo vilivyofungiwa, vinazunguka mahali pamoja, na maji ya juu yanavitumia kama magurudumu. Henry Morris mwaka 1955 aligawa jambo hili katika hali tatu: vizuizi vilivyo mbali sana, kila kimoja kikipigana peke yake, vizuizi vilivyo katikati, ambapo vurugu ya kimoja inafika kwa kinachofuata, na vizuizi vilivyobanana, ambapo maji huteleza juu.

Kwa mistari inayokata upana wote wa mfereji, msuguano mkubwa kabisa unapatikana nafasi ikiwa kama mara 8 hadi 10 ya kimo cha mstari. Maji yanaruka kichwa cha mstari, yanashuka nyuma yake, yanagusa sakafu, na kabla hayajajipanga yanakutana na mwingine. Mstari wa sentimita 6, basi, unarudiwa kila sentimita 50 hadi 60. Ukipangwa hivyo huzuia kama mchanga wa Nikuradse wa sentimita 15 na zaidi, yaani mara mbili na nusu ya kimo chake au kupita. Ukirudiwa kila sentimita 12, umepoteza simenti na umepata sakafu nyingine ya kuteleza.

Mawe machache kufanya kazi kuliko mengi: hili ndilo gumu zaidi kumweleza anayelipa kwa idadi ya mawe.

Anza juu

Mstari mzima wa sentimita 6 kwenye mteremko wa 0.10 unafungia maji nyuma yake kwa urefu wa sentimita 60. Yaani mvua ikikatika, kila mstari unabaki na dimbwi, na dimbwi lina mbu. Kwa hiyo usifunge mstari. Panga mawe matano yenye upana wa sentimita 17 hivi, acha pengo la sentimita 15 kulia. Safu inayofuata, pengo kushoto. Maji ya manyunyu yanapita kwa kupinda, matope yanapata njia, na chupa ya plastiki ikijigeuza inapita.

Jiwe liwe na urefu wa sentimita 18: 12 ndani, 6 nje. Simenti iliyopo ina unene wa sentimita 10 tu, hivyo kubandika jiwe juu yake ni kazi ya msimu mmoja. Kata kwa tindo mfereji mdogo wa kuvuka, upana sentimita 25, hadi chini ya simenti. Osha vumbi lote, lowesha, mimina beto (zege), panda mawe beto ikiwa bado mbichi. Kwa kuziba kati ya mawe, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa bidoni tano za mchanga, na maji kidogo kuliko fundi anavyopenda. Funika kwa magunia yaliyolowa siku saba. Usifanye kazi hii Novemba.

Na anza juu ya mlima. Si kwenye kona ambako tatizo linaonekana.

Kosa hili lina mvuto kwa sababu lina mantiki ya haraka: maji yanaruka hapa, tuweke mawe hapa. Lakini maji yanayofika hapo yana kina cha sentimita 17 na kasi ya mita 5.8. Jiwe la sentimita 6 mbele yake haliwi breki. Linakuwa ngazi ya kurukia, na tumeona kimo: hadi mita 1.7. Yanahitaji makumi kadhaa ya mita kufikia kasi hiyo. Mawe yanapaswa kuyakuta mapema, kabla hayajaipata.

Kinachoharibika

Wengi huogopa kwamba maji yatang'oa mawe kwa kuyasukuma. Piga hesabu: kichwa cha jiwe chenye upana wa sentimita 15 na kimo cha 6, maji ya mita 3 kwa sekunde, msukumo ni kama kilo 4. Mtoto anasukuma zaidi. Kinachong'oa ni mawe mengine yanayobingirika na kugonga, na simenti inayolika taratibu kwenye shingo ya jiwe mpaka linacheza kama jino. Safu moja ikipotea, nafasi inakuwa mara mbili, na safu ya chini yake inapokea maji yenye kasi zaidi. Ukiona jiwe linacheza, usisubiri la pili.

Kanivo laini inakufa kwa njia nyingine, ya chini kwa chini. Maungio ya simenti yakifunguka, na ukingo wa chini ukiwa umeinuka hata nusu sentimita, maji ya kasi yanaingia kwenye ufa na kusukuma kutoka chini. Kimo chake cha mwendo, mita 1.7, ni sawa na kilo 1,700 kwa mita mraba. Sio yote yanaingia. Lakini simenti ya sentimita 10 ina uzito wa kilo 240 kwa mita mraba, hivyo moja ya tano tu inatosha kuinyanyua. Februari 2017, kwenye bwawa la Oroville huko California, njia ya kumwagia maji iliyo kubwa kuliko kanivo zetu zote ilivunjika kwa kuanzia chini ya sakafu yake namna hii.

Halafu kuna mwisho wa kanivo, pale mlima unapolala ghafla na maji ya mbio yanaruka juu kuwa maji ya polepole. Maji ya kanivo laini yanahitaji kina cha mita moja ili kuruka humo na kutulia, kwa urefu wa kama mita sita. Maji ya mawe yanahitaji sentimita 64. Kuta za 60 hazitoshi kwa yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo mahali hapo ukuta unainuliwa hata kama mawe yamepandwa vizuri.

Takataka sina dawa yake. Mawe yanakamata mifuko, na kanivo ya mawe ikikosa salongo, usafi wa pamoja, ya mara kwa mara inapoteza nafasi haraka kuliko ile laini. Anayesema vinginevyo hajawahi kuingiza koleo humo.

Kupima bila maabara

Weka alama mbili za chokaa ukutani, mita 10 kati yake, mbali na kona. Mvua ikinyesha, tupa kipande cha mti chenye ukubwa wa ndimu, hesabu sekunde, rudia mara kumi, tupa nje kipimo kilichokwama ukutani. Zidisha kasi ya juu kwa 0.85, kwa maji ya mawe yasiyo na kina, 0.8. Mteremko unapimwa kiangazi kwa mpira wa maji wa mafundi, ule mwangavu. Simama nje ya kanivo. Maji ya mita 3 kwa sekunde yanayofika gotini yanamwangusha mtu mzima.

Kinachobaki ni kina, na hapo kuna ubishi ambao haujaniisha. Kina kutoka wapi? Kutoka kichwa cha jiwe, au kutoka sakafu katikati ya mawe? Kwa kanivo yetu tofauti ni sentimita 6 ndani ya 33, yaani n inaweza kuhama kwa kama sehemu 8 za mia kwa kuhamisha rula tu. Desturi ya wanaopima mitoni ni kuweka sifuri chini kidogo ya vichwa, kama robo ya ks. Kwa safu zilizoachana sentimita 55, ambako maji yanashuka na kugusa sakafu, robo hiyo inaonekana kidogo kwangu. Ninaandika kina mara mbili, kutoka kichwani na kutoka sakafuni, na ninaweka n mbili kwenye daftari.

Kona yenyewe ingali na ukuta wa sentimita 60. Kuuinua hadi mita moja kwa urefu wa kona ni kazi ya siku mbili, rahisi kuliko kukata safu za mawe kuanzia juu ya mlima. Mama wa makala hatalowa tena. Maji yatapita mbele yake kimya, na yatafika Kawa bado na mita 5.8 kwa sekunde, kwenye ukingo wa udongo ambao hauna ukuta wowote.